Kimo cha Motokaa

Mtu apitaye mjini siku hizi hakosi kuona motokaa iliyoinuliwa juu kuliko ilivyotoka kiwandani. Magurudumu yake ni makubwa, springi zake zimeongezwa, bomba la kuvutia hewa limepandishwa mpaka usawa wa paa kama shingo ya korongo, na mbele imefungwa winchi ambayo kamba yake haijapata kulowa matope. Aghalabu motokaa ya namna hiyo hulala juu ya saruji na kutembea juu ya lami. Hilo si kosa. Watu huvaa viatu vya kupandia milima wasipande mlima wowote, wala hapana sheria iliyowakataza. Lakini iko motokaa nyingine, ambayo mwenyewe huibadili kwa sababu pana mahali anapotaka kufika na hafiki. Na mtu huyo, kwa kuwa haja yake ni ya kweli, yamkini hupotea kwa urahisi zaidi kuliko yule anayetafuta pambo. Habari hizi ni za mtu wa namna ya pili.

Alikuwa mwalimu wa hesabu katika mji wa Ifakara, na kwao kulikuwa ng'ambo ya mto Kilombero, katika nchi tambarare inayoelekea Malinyi. Anayeijua nchi ile hana haja ya kuelezwa. Maji ya milima ya Udzungwa huteremka bondeni, mto hupanda kingo zake, na mbuga ambayo wakati wa kiangazi ilipasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto hugeuka kuwa kinamasi. Udongo wake ni mweusi, mfinyanzi mtupu. Ukinywa maji huvimba, na ukivimba hushika. Hushika jembe, hushika kiatu, hushika gurudumu, wala hauachi mpaka jua liuamuru. Mpunga huupenda udongo huo. Motokaa haziupendi.

Mwezi wa Aprili mwaka 2014 baba yake mwalimu aliugua ghafula. Mwalimu alivuka mto kwa kivuko, akakodi gari upande wa pili, nalo likazama mpaka sakafuni kabla ya kufika nusu ya njia. Akaliacha, akaenda kwa miguu. Mbele yake kilikuwapo kijito ambacho wakati wa kiangazi mtu hukiruka bila kukunja suruali. Siku ile kilikuwa kipana kama uwanja wa mpira, na kilimzuia siku mbili. Alipofika alionyeshwa kaburi. Mama yake hakumlaumu. Alimpa maji ya kuoga, akampa chakula, akamweleza kwa utaratibu jinsi mzee alivyoondoka na maneno aliyoyasema. Pengine lawama ingalikuwa nyepesi kuliko utaratibu ule.

Daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa mwaka 2018, na watu wengi walidhani kuwa tabu ya njia imekwisha. Iliyokwisha ilikuwa tabu ya kivuko. Daraja huvusha mto, halivushi mbuga. Mwaka uliofuata mwalimu alitoa akiba yake, akanunua mnadani Land Rover kuukuu, ya ile aina ndefu ambayo toka ekseli ya mbele mpaka ya nyuma ni inchi 109, ya toleo la tatu lililotengenezwa tangu mwaka 1971 hata mwaka 1985. Iliburutwa kwa kamba mpaka uani kwake, ikawekwa chini ya mwembe, na mke wake akauliza kama ndiyo yote au kuna sehemu nyingine inakuja.

Nasaba ya gari hilo yafaa kutajwa, kwa maana lenyewe lilizaliwa kwa kubadiliwa. Baada ya vita kuu ya pili, Maurice Wilks, mkuu wa uhandisi wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey huko Wales, na shambani alitumia Jeep ya Willys iliyobaki vitani. Gari la kwanza la majaribio, mwaka 1947, lilijengwa kwa sehemu za Jeep, na mwezi wa Aprili mwaka 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa watu katika maonyesho ya motokaa ya Amsterdam. Chuma kilikuwa cha shida Uingereza siku zile, alumini ilipatikana. Basi bodi ikafanywa ya alumini, na chesisi ikabaki ya chuma. Kwa sababu hiyo Land Rover kuukuu hudanganya macho. Juu haina kutu hata kidogo, chini imeoza kama jino. Miezi mitano ya kwanza mwalimu hakubadili kitu. Alikata vipande vilivyooza vya chesisi na kuchomelea vipya, kila Jumamosi na kila Jumapili baada ya saa sita.

Hakufanya kazi peke yake. Jirani yake alikuwa fundi mstaafu, mzee aliyekuwa ametumia umri wake katika karakana za serikali, na ambaye kwa sababu ya macho hakufanya kazi tena isipokuwa kwa maneno. Aliketi juu ya tairi lililokwisha, akasikiliza mlio wa nyundo, akasema, "Hapo bado kumeoza." Aghalabu palikuwa pameoza.

Mabadiliko ya kwanza yalikuwa madogo, na mtu asiyejua asingaliyaona. Ekseli ya gari, pale katikati penye difu, ina tundu dogo la kupumulia. Gari likisafiri, mafuta ya difu hupata moto na hewa iliyomo hutanuka, ikatoka kwa tundu hilo. Gari lililopata moto likiingia katika maji ya baridi, hewa ile husinyaa mara moja na ekseli huvuta pumzi. Na ikivuta pumzi chini ya maji, huvuta maji. Baada ya hapo mafuta hugeuka rangi ya chai ya maziwa, na meno ya difu huliwa polepole, pengine mwenyewe asijue mpaka mwezi wa Septemba, akasema gari limekufa kiangazi. Mwalimu alitia mpira mwembamba katika kila tundu, akaupandisha mpaka juu karibu na boneti. Gharama yake ilikuwa kama bei ya kilo mbili za sukari.

Kisha ikaja habari ya kizibo. Chini ya nyumba ya klachi ya Land Rover kuna tundu ambalo waliotengeneza waliliacha wazi kwa makusudi, ili mafuta yakivuja yatoke nje yasilowanishe klachi. Kabla ya kuvuka maji mengi mtu hulifunga kwa kizibo chenye hesi, na akiisha kuvuka hukifungua. Kizibo cha gari hili kilikuwa kimepotea zamani, na mwalimu alitafuta katika maduka ya vipuri hata akachoka. Siku moja mzee alimwita, akafungua kopo la kahawa lililojaa nati, akapapasa kwa vidole na kukitoa, kimefungwa katika kipande cha khanga. Hakusema alikitoa wapi wala kwa nini alikitunza. Msomaji asiyependa mitambo atasema kuwa haya ni mambo ya kuchosha. Lakini ni mara chache mtu kupewa kitu kidogo hivyo chenye maana kubwa hivyo.

Bomba la hewa lilifuata. Mtambo huvuta hewa, na ukivuta maji badala yake pistoni hukuta kitu kisichoshindilika, mikono yake ikapinda. Safari huishia hapo na fedha huanzia hapo. Mwalimu alipandisha bomba mpaka ukingo wa paa. Walakini mzee alimkumbusha kwamba mtambo wa petroli hauuawi na maji ya mdomoni tu, bali huzimwa hata na matone: feni hurusha maji juu ya distribyuta, cheche zikapotea. Basi akaikinga distribyuta kwa mpira na waya zake kwa grisi, akajifunza kulegeza mkanda wa feni kabla ya kuingia mtoni.

Kama angaliishia hapo, habari hii isingalikuwa na jambo la kusimuliwa. Lakini mtu aliyezuiwa na matope hutaka kuwa juu ya matope. Usiku, mwalimu alipofumba macho, aliona sakafu ya lile gari la kukodi ikiwa imekaa juu ya udongo kama mtumbwi uliokwama, na magurudumu yakizunguka bure. Alitaka urefu. Aliutaka kwa namna ambayo si ya hesabu, ingawa hesabu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

Alinunua matairi ya 9.00-16 mahali pa yale ya 7.50-16. Tairi la 7.50 lina kipenyo cha karibu inchi 32, na la 9.00 karibu inchi 35. Kwa hiyo kitovu cha gurudumu, na ekseli pamoja nacho, hupanda inchi moja na nusu. Aliongeza bapa mbili katika kila springi, gari likapanda inchi 2 nyingine. Akarefusha vile vishikio vinavyoning'iniza ncha ya springi kwenye chesisi kwa inchi 4, akitazamia kupata inchi 4. Akapata 2. Mzee alicheka sana, kwa kuwa mwalimu wa hesabu alikuwa amesahau kwamba ekseli imefungwa katikati ya springi, na ncha moja ikishuka inchi 4, katikati hushuka nusu yake.

"Mwalimu," mzee alisema alipomaliza kucheka, "springi hainyanyui difu. Difu hunyanyuliwa na tairi. Wewe umenyanyua bodi. Jiwe litakaloligonga gari lako litaligonga difu, nayo iko pale pale ilipokuwa."

Hili ni kweli, na ndilo ambalo wengi wanaoinua magari hawalipendi. Inchi 4 zile za springi hazikuipa ekseli hata unywele mmoja wa nafasi. Zilichofanya ni kuupandisha uzito wote wa gari juu zaidi ya magurudumu ambayo upana wa baina yake ni kama mita 1.3 tu, na haukuongezeka. Propela ikasimama kwa pembe kali kuliko ilivyokusudiwa, viungo vyake vikaanza kulia. Mipira ya breki inayotoka chesisi kwenda ekseli ilikazika kama kamba ya ng'ombe, ikabidi kuibadili kwa mirefu. Kipima mwendo kikaanza kusema uongo: kiliposema 60, gari lilikwenda karibu 66, kwa sababu tairi kubwa hula njia zaidi katika kila mzunguko. Na breki zilezile za ngoma sasa zilishindana na gurudumu lenye mkono mrefu zaidi.

Nchi hii imepata kuona makubwa kuliko hayo. Katika mpango wa karanga ulioanza Kongwa mwaka 1947, Waingereza walileta hata matrekta yaliyogeuzwa kutoka vifaru vya Sherman, yakaitwa Shervick, kwa kudhani kwamba chombo kilichoshinda vita hakiwezi kushindwa na vichaka. Udongo wa Kongwa ulikauka kama saruji, ukazilaza zana, na mwaka 1951 mpango ule uliachwa. Mwalimu aliijua habari hiyo, kwani husimuliwa shuleni. Hakuona kama inamhusu.

Onyo la kwanza lilikuja katika jaribio. Alilipeleka gari kando ya mji, penye mitaro ya mashamba ya miwa, akalipitisha mshazari. Springi zilizoongezwa bapa zilikuwa ngumu kama mbao. Hazikukubali kupinda ili gurudumu lifuate shimo. Gurudumu moja la nyuma likaning'inia hewani, na difu, ambayo tabia yake ni kumpa nguvu asiyefanya kazi, ikalizungusha lile lililoning'inia na kuliacha lile lililokanyaga. Mbele ikawa vivyo hivyo. Gari lenye miguu minne likasimama kwa sababu ya shimo ambalo zamani, kabla ya kuongezwa kitu, lingalipita. Alipotaka kurudi nyuma lilielemea upande, mlango ukakaribia ardhi, na kijana aliyefuatana naye akaruka. Halikuanguka. Mwalimu alikaa ndani muda mrefu mtambo ukiwa umezimwa. Nyumbani alisema kuwa jaribio lilikwenda vizuri.

Mwezi wa Julai mwaka 2021, njia ikiwa kavu, alikwenda kwa mama yake. Nia ilikuwa kumleta mjini atazamwe macho, na pia, kwa kuwa mtu ni mtu, aonyeshwe gari. Kijiji kizima kilitoka. Watoto walipita chini ya bampa bila kuinama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo na safari?"

Mama alilizunguka gari. Aligusa tairi, ambalo lilimfika kifuani. Alisifu rangi. Akaja mlangoni na bahasha yake ya hospitali na kikapu kidogo, akashika ukingo wa kiti, akainua mguu. Mguu haukufika. Alikuwa amepita miaka sabini, na goti lake la kulia lilikuwa limekataa kukunjika vyema tangu miaka mingi ya kuinamia mpunga. Aliushusha, akapumzika, akainua wa kushoto. Huo ulifika, lakini wa kulia haukuweza kusukuma. Wakaleta kigoda, kikawa kifupi. Wakaleta gunia la pumba, likazama. Mwishowe wajukuu wawili walimshika chini ya makwapa na kumpandisha kama mzigo, naye alishika khanga yake kwa mkono mmoja ili isifunuke, na uso wake akaugeuzia upande wa pili. Mwalimu aliutazama mwembe.

Gari lilikwenda mwendo mrefu kabla mama hajasema. Kisha alisema kwa upole, bila mzaha wowote, kama mtu anayetaka kujua:

"Baba, gari hili ulimtengenezea nani?"

Alijibu kwamba alilitengenezea matope. Mama aliitikia kwa kichwa. Walipokwisha kutoka hospitali, siku ya nne, aliuliza kama nauli ya bodaboda mpaka nyumbani ni ghali sana.

Wako watakaosema kwamba mwalimu angaliweza kuchomelea kipandio na mambo yakaisha. Huenda. Lakini aliyetaka kujua gari limetengenezewa nani alikuwa ameuliza jambo kubwa kuliko kipandio, na mwalimu alilifahamu hivyo. Miaka miwili alikuwa amejenga chombo cha kumfikisha kwa mtu aliyekwisha kufa. Kila inchi ilikuwa ya siku mbili zile kando ya kijito. Aliye hai, mwenye goti bovu, hakuwamo katika hesabu.

Agosti na Septemba alifungua alichokuwa amefunga. Bapa zilizoongezwa zilitoka, na zile za zamani zikasuguliwa kutu moja moja na kupakwa grisi ili ziteleze. Springi ikawa laini kuliko alipoinunua. Vishikio vifupi vikarudi. Matairi makubwa aliyauza, akanunua ya 7.50 yenye meno marefu, kwa sababu katika udongo ule tairi jembamba hukata tope na kuitafuta ardhi ngumu iliyo chini, ambapo pana huelea na kuvaa tope kama kiatu. Mipira ya kupumulia, bomba, na kizibo vilibaki. Kisha akapiga kipandio cha bomba la chuma chenye bawaba, cha kukunjuliwa chini ya mlango, na kabla ya kukichomelea alikwenda kijijini kwa basi na utepe wa kupimia mfukoni, akapima ngazi ya baraza ambayo mama yake huipanda kila siku bila kushika ukuta. Fundi mzee alipoelezwa kipimo hicho hakucheka.

Aprili mwaka 2022 mvua zilikuwa za kawaida, yaani mbaya. Simu ilikuja usiku: mama ana homa, hali chakula. Mwalimu aliondoka kabla ya alfajiri na yule kijana, na jembe, na mbao mbili, na mnyororo. Baada ya daraja, lami ilipokwisha, alisimama akapunguza upepo wa matairi toka ratili 32 hata 18, ili yalale na kukanyaga kwa urefu. Kazi ya dakika kumi isiyo na gharama, ambayo huleta faida kuliko vitu vingi viuzwavyo kwa bei kubwa. Alisukuma chini kirungu cha manjano, akavuta nyuma chekundu. Mara moja walizama, wakachimba saa nzima.

Kijito kilikuwa kimejaa. Mwalimu alikata fimbo, akaingia kwa miguu, akipima, mpaka maji yakamfika kiunoni, akarudi. Akachomeka fimbo ukingoni, akatia alama ya kisu penye uso wa maji, akakaa chini. Kijana alimwambia kwamba gari hili linaweza. Mwalimu alisema kwamba yamkini linaweza. Walikaa saa tano. Alama ya kwanza ikawa juu ya maji kwa upana wa kidole, kisha kwa shibiri, kisha kwa shibiri mbili. Hapo akalala chini ya gari, akafunga kizibo, akalegeza mkanda wa feni, akafunga turubai mbele ya rejeta, akaingia kwa gia ya pili ya taratibu, mwendo wa mtu anayekwenda kanisani mapema. Maji yalifika kwenye sakafu, yakaingia, yakatoka. Ng'ambo ya pili alikifungua kizibo, yakadondoka matone machache meusi. Akakanyaga breki mara nyingi kidogo kidogo mpaka ngoma zikakauka.

Walifika alasiri. Mama alikuwa barazani amejifunika shuka, bahasha yake magotini, na kando yake jogoo amefungwa miguu. Wajukuu walikuja mbio kumshika. Aliwaambia wangoje. Alikitazama kipandio, akaweka mguu wa kushoto, akashika mpini, akaleta wa kulia polepole karibu na mwenziwe, akapumzika, akapanda tena, akakaa. Akavuta mlango mwenyewe. Halafu akafungua dirisha, akauliza kama kuna mahali pa kumweka jogoo.